Mwenye Kishikio cha Bomba

Kwa miaka kumi na saba aliwarudisha watoto wa watu nyumbani wakiwa safi kuliko walivyoletwa. Wazazi walimwita Mama Usafi, naye aliitika. Juu ya kona yake ya shanga na vitofali vya mbao, uani pale kwenye kituo cha kulelea watoto, alikuwa ameandika kwa mkono wake: Udongo uwahi ungali maji. Udongo wenyewe haukuruhusiwa kuvuka ukingo wa mkeka.

Msimu wa joto ukaingia, na mlezi mpya akaingia nao: binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye cheti na kucha chafu. Siku yake ya pili alichimba shimo uani, akalijaza maji, akawaambia watoto wa miaka mitatu wapike. Wakapika. Wakaumba mikate ya tope, wakaigawa, wakagombana, wakapatana. Binti akawaeleza wazazi kwamba hayo yalikuwa masomo ya uzito, ujazo na subira. Mlinzi wa geti akambandika jina la Binti Tope.

Mama Usafi hakuwa na wivu. Alimwambia hivyo mpishi asubuhi, dobi mchana, na jioni mlinzi, ambaye hakuwa ameuliza.

"Nimwonee wivu yule? Kwa lipi, minyoo?"

"Kipya kinyemi, mama."

"Malizia."

"Ingawa kidonda."

"Ahaa. Basi."

Kilichomkereketa hasa kilikuwa na urefu wa kiuno chake na jina la Kidole, kwa sababu ya kidole gumba kilichokaa mdomoni kutwa nzima. Mwaka mzima Kidole hakulala mchana bila kushika pindo la aproni ya Mama Usafi. Siku hizi alimpita na ndoo yake bila kugeuza shingo, kama anayempita mtu aliyesimama kusubiri basi jingine. Mchana alilala fofofo, ameshika kijiko chenye tope.

Ndipo mkuu wa kituo alipotoa tangazo. Turubai la kivuli lilikuwa moja, na jua lilikuwa la wote. Kwa hiyo kona moja tu ingebaki nje msimu huo. Wiki nzima angepita saa nne asubuhi kuhesabu watoto, na hesabu ya Ijumaa ndiyo ingeamua. Kona yenye wachache ingefungwa, na mlezi wake angehamia chumba cha wachanga. Kulea wachanga ni kazi ya heshima kubwa. Hakuna aliyewahi kuiomba.

Jumatatu tope lilipata watoto kumi na watano. Shanga zilipata watatu, mmoja wao amelala.

Usiku huo huo Mama Usafi akakumbuka kwamba ana serikali mfukoni. Kwa kuwa joto lilifanya maji kuwa adimu, kishikio cha bomba la uani kilikuwa kimechomolewa na kukabidhiwa mlezi mkongwe kuliko wote, yaani yeye, ambaye hadi hapo alikuwa akimfungulia yeyote aliyeomba. Jumanne akaweka kiti chake kando ya bomba.

"Maji sasa ni ya kupimwa, mwenzangu," alimwambia Binti Tope. "Anayetaka aje mwenyewe."

"Sawa, dada. Watajifunza kupima."

Jibu hilo lilimuudhi kuliko tusi. Alichukua kikopo kitupu cha mtindi, akasubiri tope likauke, na watoto warudi kwenye shanga kama waungwana.

Wa kwanza kufika alikuwa Kidole.

"Bibi, maji."

"Unasemaje?"

"Maji tafadhali shikamoo."

Mpangilio haukuwa sahihi, lakini nia ilionekana. Akapewa kikopo kimoja. Nusu ilimwagika njiani, nusu ikamezwa na tope, na Kidole akarudi. Hapo Mama Usafi akagundua siri ambayo kila karani aliyekaa nyuma ya dirisha anaijua: ukitoa kidogo kidogo, watu hawaondoki mlangoni.

Kufikia Alhamisi foleni ilikuwa na watoto kumi na wanne. Walihesabiana, walisutana kwa kurukiana zamu, na kila baada ya dakika chache Kidole alikuwa mbele yake, akimtazama yeye peke yake. Mkuu akapita na karatasi.

"Kwako kumi na wanne. Kwenye tope wanne. Hongera, mama. Kesho ikiwa hivi, shimo nalifukia."

Furaha ilidumu hadi chakula cha mchana. Kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, akaona. Tope likifukiwa, maji ni ya nini? Hakuna mtoto aliyewahi kuomba maji ya kupikia shanga. Kumbe hata foleni yake ilikuwa mali ya yule binti. Alimwonea wivu upya, mara mbili ya ule wa kwanza, na chakula akakiacha.

Ijumaa, dakika tano kabla ya saa nne, hakugusa kikopo. Alifungulia bomba, akajaza ndoo ya dobi hadi ukingoni. Kidole akaishika, akaivuta, haikusogea.

"Bibi, nzito."

"Naona. Shika huko."

Wakaibeba wawili, foleni yote ikiwafuata nyuma. Binti Tope akasimama, magoti yote meusi.

"Karibu, dada. Vua viatu."

"Sijaja kukaa."

Kidole akamshika pindo la aproni kwa mkono wa tope, akamvuta chini. Mama Usafi akavua kiatu kimoja.

Mkuu alipofika alikuta watoto kumi na wanane, walezi wawili, shimo moja. Akatazama karatasi yake yenye safu mbili.

"Sasa hawa nawaandika wapi?"

"Andika kona moja," Mama Usafi akasema, bila kutazama juu. "Walezi wawili." Akamsikia binti akivuta pumzi kutaka kushukuru, akamuwahi. "Jina langu litangulie."