Herufi Zinazotembea kama Baba

Wateja wangu wa mtaa huu wa Usagara hawajui fonti wala nini. Wanaingia stesheneri, wanasema, "Niandikie kitu kizito, kionekane," basi. Awe ana chumba cha kupangisha au ukuta wake umechoka kukojolewa, namtolea maandishi yaleyale ya kizamani, yaliyokozwa vizuri, mistari minene kwa myembamba, na kila herufi ina vijiguu vyake chini, imesimama. Maharusi ndio wananiudhi. Wanataka yale ya kujipindapinda ambayo hata imamu hawezi kusoma jina la bwana harusi, na mimi nawapa kwa sababu ni biashara. Lakini nikiachiwa nichague mwenyewe, nachagua yenye vijiguu, na sababu yake ni mama.

Baba alikuwa Mpemba. Kila msimu wa karafuu alivuka kwenda kwao kuchuma, akatuacha huku bara, mtaa wa Mabawa, mimi na mama, na kutoka huko alikuwa akimwandikia mama barua kwa penseli. Amefariki zamani, nikiwa mdogo. Mama alizitunza barua zote kwenye kopo la biskuti. Ijumaa, akishaswali adhuhuri na kula, alikuwa anafukiza udi, anafunga mlango wa chumbani, anasoma. Sikuwahi kuziona. Kwetu mtoto hasomi barua za baba na mama yake, ni kukosa adabu, na katika mambo hayo mama hana mzaha.

Halafu ikaja presha ya macho. Maandishi ya penseli ya baba ndiyo yaliyotangulia kumpotea. Mama alinyamaza nayo, ila nikawa namwona Ijumaa anafukiza udi, anafunga mlango, kisha anatoka upesi mno. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Baba yako siku hizi simwoni." Nilikwenda jikoni nikalia.

Nikamwambia nitazichapa kwa herufi kubwa. Hapo tukagombana, maana nitazichapaje bila kuzisoma? Mwishowe tukakubaliana nichape neno moja moja, nisitie akilini. Nikaapa. Nilijitahidi kweli, lakini nani anaweza? Baba aliandika kwamba mvua imewarudisha majumbani, karafuu hazikauki, na kwamba usiku anasahau kuwa mama hayupo, anamsogezea shuka. Nikaichapa hiyo huku uso unaniwaka.

Ikabaki fonti. Nilichapa mstari mmoja wa salamu kwa maandishi ya kila namna, nikampelekea. Yale membamba akayasukuma kando. "Huyu ana njaa." Yaliyolala upande, akasema huyo kalewa, na baba yangu hakuwa mlevi. Yale manene yasiyo na vijiguu aliyatazama kidogo zaidi, akaniuliza kama namuuzia soda. Kisha nikampa haya ya kizamani. Akayaleta karibu na pua. Baba alikuwa pande la mtu, mabega mapana, akirudi nyumbani unamsikia tangu uani. Mama akapitisha kidole chini ya maneno, akacheka peke yake.

"Enhe. Huyu anakanyaga."

Akaniambia nitoke, nifunge mlango.

Tukaenda hivyo. Macho yakipungua, nami naongeza ukubwa. Ndipo nilipoijua tabia ya herufi zile. Ukizikuza, nyingine zote hulegea, hizi hazilegei. Vijiguu vinaushika mstari, na jicho bovu linapata pa kushikilia. Barua ya ukurasa mmoja ikawa bahasha nzima ya karatasi, baadaye ikawa furushi. Wino ulikuwa unakwisha hovyo na sikumwambia. Mwisho karatasi moja ilibeba maneno mawili matatu tu, na mama aliyahangaikia mpaka alasiri, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake.

Mwaka huu hata hayo yamekwisha. Ijumaa moja aliniita chumbani. Udi ulikuwa umeshawaka. Akasema, "Kaa hapa. Nisomee wewe."

Akajifunika kanga usoni kwa haya, mtu mzima yule, na mimi nikainamisha macho ingawa hakuwa akiniona. Nikasoma. Nilisoma taratibu, bila kuremba, mvua pamoja na karafuu zake, mpaka nikafika kwenye shuka. Hapo akanyoosha mkono, akaufunika ukurasa.

"Inatosha, mwanangu."

Nikamuuliza kama nimekosea.

"Hujakosea. Nilipokuwa nasoma mwenyewe, nilikuwa namsikia yeye. Sasa nakusikia wewe."

Hakusema kwa ubaya. Nilibaki nimeishika ile karatasi, herufi zimesimama vilevile, nyeusi, nzima, na hazina tena wa kumfaa. Nilimwonea huruma mama. Nikamwambia angoje kidogo, nikajaribu kuikumbuka sauti ya baba, niiige nimsomee hata mstari mmoja, mmoja tu. Nilitafuta. Sikuipata, na mama alikuwa bado anangoja.