Mkaa na Uso wa Shangazi

Jina la Mkaa alipewa na shangazi yake, siku alipopelekwa kwake kulelewa, bado mtoto mdogo asiyejua hata kufunga viatu. Shangazi alimpokea mlangoni, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua sufuria kabla ya kuinunua, kisha akamuuliza kaka yake, "Huyu umemtoa kwa mama yake au kwenye gunia la mkaa?"

Baba mtu akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomkaa mtoto rohoni kuliko neno lenyewe, maana baba naye alikuwa mweusi tititi.

Shangazi alikuwa na saluni. Mbele palikuwa na viti vitatu na kioo cha ukuta mzima. Chini ya kaunta palikuwa na ndoo ya mkorogo, krimu ya kung'arisha ngozi. Wanawake walikuja kusukwa, wakaondoka na kopo limefichwa ndani ya mkoba. Baada ya muda nyuso zao ziling'aa kama sahani, ila viungo vya vidole viligoma, vikabaki na rangi yao vikiwasuta.

Kazi ya Mkaa ilikuwa kukoroga, tena chumba cha nyuma. Alijifunza kuyeyusha nta bila kuiunguza, na kutambua kwa mlio wa mwiko tu kwamba krimu imeshikana. Mbele hakuruhusiwa kukaa.

"Wateja wakikuona," shangazi alisema, "watadhani dawa yangu haifanyi kazi."

Alipopata akili ya kujitegemea aliondoka bila kuaga. Akaenda kufanya kazi kwa mama mmoja mtengeneza sabuni, mtu wa maneno machache, na mwishowe akapanga chumba chake mwenyewe: kitanda cha kukandia, meza, jiko la gesi, na rafu ya chupa za mafuta aliyoyachanganya kwa mkono wake. Watu hutarajia mtunza ngozi awe mpole, sauti kama asali. Mkaa alikuwa na ulimi wa pilipili. Kabla hajakugusa alikuhoji: unakula nini, unalala vipi, nani amekukasirisha. Alishikilia kwamba ngozi ni ya mwisho kupata habari. Mambo huanzia kwingine.

"Nimekuja na chunusi, unanihoji kama polisi," mteja mmoja alilalamika.

"Basi nenda polisi wakakutibu."

Na aliyeomba kung'arishwa kidogo tu, kidogo tu dada, alionyeshwa mlango ulipo.

Kila alichokitengeneza kilikuwa na ugomvi ndani yake. Hakutia manukato ya waridi kwenye kitu chochote, kwa sababu ndoo ya shangazi ilinukia waridi. Alitengeneza mafuta mazito ya viwiko, magoti na viungo vya vidole, sehemu zile zile ambazo mkorogo ulishindwa kuzidanganya. Na sabuni yake ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya unga wa mkaa, mafuta ya nazi na mwarobaini. Kwenye karatasi yake aliandika neno moja kubwa: MKAA. Watu waliipenda. Wengine walipouliza jina limetokea wapi, aliwaambia bila kupunguza kitu, na akamtaja aliyelitoa.

Habari zilifika saluni. Mji ule maneno yalitembea kuliko watu.

Asubuhi moja mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke aliyejifunika mtandio mpaka machoni. Alipouvua, Mkaa alimtambua kwa shida. Mashavu ya shangazi yalikuwa mekundu, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa inaonekana, na chini ya macho mabaka ya kijivu. Hospitali walikuwa wamemwambia aache mkorogo. Aliacha, na uso ukalipuka.

"Siku hizi hata shikamoo imekushinda?" shangazi akaanza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hebu niangalizie huu uso."

"Unakula nini?"

"Chakula."

"Unalala vizuri?"

"Kwani mimi mlinzi?"

"Nani amekukasirisha?"

"Wewe!" Shangazi alipiga kitanda kwa kiganja. "Nimekulea, nimekulisha, umeninanga kwenye sabuni. Nikipita watu wananong'ona, ndiye yule. Umenianika."

"Nimeandika ulichosema. Kama kinanuka, kimenuka tangu kilipotoka kinywani mwako."

Wangeweza kuachana pale pale. Mkaa mwenyewe hakusema kamwe kwamba alimhurumia. Alisema alitaka kuuona ule uso umelala chali chini ya mikono yake, macho yamefumbwa. Akanawa mikono, akamwambia alale.

Shangazi akawa anakuja mara kwa mara. Mkaa alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akampaka utomvu wa mshubiri, kisha dawa ya kupaka aliyoibuni kwa ajili ya uso ule tu, laini, isiyo na harufu. Aliikoroga na kuimwaga mara nyingi kabla hajairidhia. Hakuna siku waliyomaliza bila kukoromeana.

"Taratibu! Unakanda uso, siyo unga."

"Unga haupigi kelele."

Siku moja shangazi, macho yamefumbwa, alisema polepole, "Mikono hii nimeifundisha mimi. Nani alikuonyesha kuyeyusha nta? Yule bubu wako wa sabuni?"

Mkaa aliendelea kukanda. Miaka yote alikuwa akiwaambia wateja kwamba kila kitu alikipata kwa mama wa sabuni. Matusi ya shangazi alikuwa ameyazoea. Lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Wekundu ulipungua. Ngozi ikashikamana, vidonda vikafunga, na rangi ikaanza kurudi, kwanza kwenye paji la uso, kisha mashavuni. Ilirudi nyeusi. Shangazi aliomba kioo. Mkaa akamletea cha mkononi.

Shangazi alijitazama, akajigusa kidevu. Kisha akasimama ghafla.

"Umeniharibu. Umenifanya kama wewe!"

"Hiyo ni ngozi yako, shangazi. Sikuipaka rangi."

"Mchawi wewe! Umelipiza!"

"Ningetaka kulipiza ningekuacha ulivyokuja."

Shangazi alikitupa kioo kitandani, akajifunika mtandio, akatoka bila kufunga mlango. Nje walikuwa wamekaa wateja wawili wakisubiri, na wote wawili walisikia.

Haukupita muda mrefu shangazi akarudia ndoo yake ya mkorogo. Saluni ikasema kwamba kwa Mkaa watu hugeuzwa. Hata hivyo wateja wa saluni hiyo hiyo walianza kujipenyeza kwake mmoja mmoja, shingo zimechubuka, mashavu yamewiva, na Mkaa akawapaka dawa ile aliyoibuni kwa ajili ya shangazi. Akawa anaitengeneza kwa sufuria kubwa. Walipomuuliza alijifunzia wapi kazi, sasa alijibu, "Kwa shangazi yangu, chumba cha nyuma." Alilisema kwa uso mkavu, kama mtu anayetema mbegu.

Kisha akaja binti wa shangazi. Hakuketi.

"Mama uso umemlipuka tena, na safari hii ni vibaya zaidi. Amefunga mapazia, hataki kuonekana. Twende ukamwone."

"Aje."

"Nimekwambia hawezi kutoka!"

"Alipotoka hapa aliweza. Aliniita mchawi mbele ya watu."

"Ni mama yako pia yule. Amekulea."

"Najua alivyonilea."

"Una roho ya jiwe, dada."

"Ninayo."

Binti alibamiza mlango, chupa zikatikisika rafuni. Mkaa alisimama pale akiegemea meza, anapumua kama aliyepanda ngazi. Alilichukua kopo moja la dawa, akalishika kwa muda, akalirudisha mahali pake. Mwanamke mmoja akachungulia mlangoni, shingo ameifunga kitambaa.

"Ingia," Mkaa alimwambia. "Unakula nini?"

Shangazi hajaja mpaka leo, na Mkaa hajaenda.