Jaribio la Ushuru wa Nazi

Nilikuwa nimefundisha uchumi chuoni miaka mingi niliposoma kwa sauti, mbele ya wenzangu wachache, makala yangu kuhusu ushuru wa mazao. Nilidhani imekufa palepale. Kumbe nakala moja ilimfikia mkuu wa fedha wa kaunti, mzee wa Malindi mwenye Kiswahili kilichonyooka hata kwenye simu.

"Shikamoo," nikamwambia alipojitambulisha.

"Marahaba, Daktari. Umeandika kwamba tukipunguza ushuru wa nazi, makusanyo yataongezeka. Unaliamini hilo, au ni mambo ya vitabuni?"

"Naliamini."

"Basi njoo ulithibitishe."

Usingizi ulinipaa. Mimi ni mzaliwa wa Rabai, nimesomeshwa kwa nazi za mama yangu, na tangu utotoni nilijua kwamba malori ya nazi hupita vichochoro vya mashambani ili yakwepe kizuizi cha ushuru. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: ushuru ukiwa mdogo, dereva hana sababu ya kuvunja springi za gari lake porini.

Ofisini kwa mzee, mkuu wa makusanyo alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mama wa makamo, asiyetabasamu ovyo.

"Daktari," akasema, "ukikosea, wewe utarudi darasani. Mimi nitabaki na zahanati zisizo na dawa."

Alisema kweli. Nikapendekeza tujaribu kwenye kizuizi kimoja tu, cha Kaloleni, kwa msimu mmoja wa mavuno. Mzee akatutazama sote wawili, kisha akatia sahihi.

Sijui kama naweza kueleza raha niliyokuwa nayo siku zile. Daktari wa tiba humwona mgonjwa wake akipona. Sisi wachumi huzeeka tukichora mistari ubaoni. Sasa mstari wangu ulikuwa barabarani, unapita kati ya watu halisi! Wanafunzi waliniuliza kwa nini nafundisha huku natembeatembea darasa zima.

Mwanzo ulinitia homa. Malori yalikuwa yaleyale, ushuru umepungua, kwa hiyo makusanyo yakashuka. Nikajiandaa kwa lawama. Mkuu wa makusanyo alinipigia simu, nami nikajikaza kumsikiliza.

"Hawa madereva hawajui," akasema. "Tumebandika tangazo kizuizini, nao hawapiti kizuizini. Nani atalisoma?"

Nilicheka hadi machozi. Tukaenda redioni pamoja. Mimi nilianza na maneno ya chuoni, naye akanikatiza kwa upole hewani: "Daktari anasema hivi, jamani: ushuru wa nazi umeshuka. Rudini barabara kuu." Tukapeleka ujumbe makanisani na misikitini vilevile.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kaloleni mwenyewe. Nilipofika kwenye kona ya mwisho, nikasikia honi. Malori yalikuwa yamepanga foleni, nazi zimefurika juu, madereva wanagombana nani ametangulia. Wanagombania kulipa ushuru! Nikapiga vigelegele palepale kando ya barabara.

"Nyamaza, Daktari," mkuu wa makusanyo, aliyekuwa amenitangulia pale, akanivuta mkono. "Utawafukuza." Lakini meno yake yote yalikuwa nje.

Msimu ulipokwisha, makusanyo ya Kaloleni yalikuwa yamepita ya msimu uliotangulia, na bunge la kaunti likapitisha ushuru mpya kwa vizuizi vyote. Nilimpigia mama yangu simu nikiwa bado kwenye ngazi za bunge. Alishangilia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mzee aliniomba nihamie ofisini kwake kama mshauri. Chuo kikaniruhusu, mradi nibaki na darasa moja. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mkuu wa makusanyo ameshafika, ameweka kiti cha pili kwenye meza yake.

"Keti," akasema. "Leo tuzungumze maembe."