Ngazi Aliyoshukia Ochieng'

Kosa ninalotaka kulieleza leo ni kosa la watu wema, na kwa sababu hiyo wengi hulitenda bila kuona haya: kumzungusha mwenye msiba kila mahali isipokuwa pale alipokuja kupaona. Aliyelitenda alikuwa kijana mwenye moyo safi kuliko wengi niliowahi kuwajua, na simtaji ili kumwaibisha. Namtaja kwa sababu wewe, mwanangu, unafanana naye.

Naikumbuka asubuhi ile ya manyunyu katika mji mmoja wa pwani ya Wabaski, kaskazini mwa Uhispania, enzi ambazo simu zetu zilikuwa bado za vibonye. Nilikuwa msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, mzaliwa wa Mashimoni, na nilikuwa nimemsindikiza jirani yetu Mama Ochieng', muuza makaa wa Silanga, mtaa unaopakana na wetu, kwa kuwa yeye hakujua Kiingereza wala hakuwahi kupanda ndege. Ochieng', kifungua mimba wake, alikuwa ameajiriwa Mombasa katika meli ya Wabaski ya kuvua jodari. Nahodha alimpenda kwa bidii yake, akamchukua hadi bandari ya kwao, naye akafanya kazi huko miaka kadhaa, mpaka siku ya dhoruba wimbi lilipompokonya kutoka sitahani. Mwili haukupatikana. Parokia ya wavuvi alikokuwa akisali ikamwalika mama yake kwa misa ya ukumbusho, ikagharamia safari.

Sasa sharti ujue jambo ambalo Wajaluo hawahitaji kuambiwa. Mtu wao akipotelea majini asionekane tena, huzikwa tunda la yago badala yake, lile tunda refu, zito, la kijivu, nalo hulazwa kaburini kwa heshima zote za binadamu. Wazee wa ukoo wa mumewe walikuwa tayari kulizika. Hata hivyo walimwagiza mama huyu kwamba kwanza asimame pale mwanawe alipokanyaga nchi kavu mara ya mwisho, amwite kwa jina lake, amwambie waende nyumbani. Bila hivyo, walisema, watakuwa wamezika tunda tu. Padri wake alinung'unika kidogo alipolisikia. Mama akamjibu kwamba Mungu aliyeiumba bahari hatachukia mama akimwita mwanawe.

Shughuli hiyo moja ndiyo iliyomvusha mabara. Misa ilikuwa imekwisha kusomwa jana yake, na tulibakiwa na asubuhi ile peke yake, kwa maana mchana tulitakiwa kupanda treni ya kwenda uwanja wa ndege.

Mwenyeji wetu aliitwa Wafula. Alizaliwa katika mtaa uitwao Kongo, kule Kawangware, akapata ufadhili wa kusomea historia katika chuo cha mji ule. Parokia ilimwomba amtembeze mgeni katika bandari ya zamani, naye alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kutahiniwa. Alituonyesha lango la mawe katika ukuta wa kale, nyumba nyembamba zilizobanana zikielekea maji, na nakshi ya nyangumi juu ya mlango mmoja.

"Hapa, mathe, zamani watu walikuwa wanavua nyangumi," akasema akicheka. "Si omena, ni nyangumi! Moja tu inalisha Kawangware mzima."

"Ni kuzuri, mwanangu," Mama akaitikia.

Akatupeleka katika kanisa dogo ambalo darini mwake mlining'inia vimeli vya mbao. Alieleza kwamba viliwekwa na mabaharia waliookoka katika dhoruba, kumshukuru Mungu. Mama alivitazama kwa muda mrefu, shingo imeinuka, leso yake imefumbatwa mkononi.

"Hawa wote walirudi," akasema.

Wafula akatutoa pale haraka, akaanza kuzungumzia moto ulioteketeza mji na jinsi ulivyojengwa upya. Alizungumza bila kituo. Nilimvuta kando tulipofika kwenye kona.

"Wafula, Mama anataka kufika gatini, pale meli ya Ochieng' inapofungwa."

"Siz, huko zii, hatuendi."

"Si ndiko alikuja?"

"Alikuja misa, na misa imeisha. Akiona hiyo maji ataanguka, na ni mimi na wewe tutambeba. Wacha arudi nyumbani na picha poa. Hapo juu kuna mahali wanauza aiskrimu, unaona mji wote."

Nilimfuata, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji. Na Mama naye alimfuata, kwa kuwa alilelewa kujua kwamba mgeni huenda anakopelekwa, akasifu anachoonyeshwa. Wale wanaowatembeza wageni hawaijui adabu hiyo ilivyo nzito. Mgeni anaweza kusema "ni kuzuri" kutwa nzima huku moyo wake ukiwa umekaa mahali pengine kabisa, ukimngoja.

Tulikuwa tukiambaa nyuma ya ghala la samaki, kuelekea kilimani, tulipompita mwanamke wa makamo mwenye aproni ya buluu. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi chini ya paa la bati, wavu umemfunika magoti, akiziba matundu yake kwa sindano pana ya mti. Mama Ochieng' alisimama. Kisha akaketi juu ya kreti la samaki lililopinduliwa, karibu na mwanamke yule, kama anavyoketi karibu na magunia yake ya makaa kule Silanga.

"Mathe, twende, mvua inaongezeka," Wafula akasema.

"Wewe kijana, enda hiyo aiskrimu," Mama akamjibu. "Utanipata hapa."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mama akafungua leso yake, akatoa picha ya mwanawe amevaa koti la mvua la wavuvi, akampa mshona nyavu. Yule mwanamke aliitazama. Akaichomeka sindano kwenye wavu, akajifuta mikono kwenye aproni, akaitazama tena. Halafu akasema maneno machache kwa Kihispania, na katikati yake nikalisikia jina la Ochieng', limetamkwa kigeni lakini ni lile lile.

Wafula hakutafsiri.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Amesema anamjua. Alikuwa akikaa hapa kwake, akimsaidia kunyosha nyavu."

"Na ingine?"

Wafula alitazama viatu vyake. "Ameuliza kama umeshapelekwa kwa ngazi."

"Ngazi gani?"

"Ile walikuwa wanashukia kuingia melini."

Mama hakupandisha sauti. Maneno aliyomwambia kijana yule nimeyabeba tangu siku hiyo, na ndiyo ninayokukabidhi. "Mwanangu Wafula, machozi yangu nilikuja nayo kutoka Silanga. Si wewe uliyaleta, na huwezi kuyazuia. Umenionyesha mambo mazuri mpaka miguu ikachoka, lakini mimi niko na mtoto mmoja ananingoja. Ulikuwa unamficha nani?"

Hapo Wafula akakunjamana uso kama mtoto. Akasema kwamba baba yake alifariki Kawangware katika mwaka wake wa kwanza masomoni, akazikwa kwao Bungoma, naye hakwenda. Alisema hajawahi kulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote katika mji ule. Alisema kila akikaribia gati na kuwaona watu wakiagana, hugeuza njia.

"Kumbe aliyekuwa anaogopa ni wewe," Mama akasema, na sauti yake ikalainika. "Pole, nyathina. Pole sana." Nyathina ni mtoto wangu kwa Kijaluo.

Mshona nyavu hakujua lugha yetu, ila hakuhitaji. Aliuondoa wavu magotini, akamshika Mama Ochieng' mkono, akaanza kwenda. Mama akamnyoshea Wafula mkono wake wa pili. Nami nikawafuata wote watatu katika manyunyu yale, hadi ukingoni mwa gati.

Ilikuwa ngazi ya mawe yenye mwani kwenye vidato vya chini, na juu yake pete kubwa ya chuma imekazwa ukutani. Mwanamke yule akaieleza kwa mikono: kila baharia huigusa pete kabla ya kushuka, na Ochieng' aliigusa pia, kila mara, hata asubuhi ile ya mwisho. Safari hii Wafula alitafsiri, neno kwa neno, machozi yakimtiririka.

Mama akaishika pete ile kwa mikono yote miwili. Hakuanguka. "Ochieng'," akaita, kama anavyoita mama aliyesimama mlangoni chakula kikiwa tayari. "Ochieng', mama yako amefika. Maji imetosha. Wadhi dala. Twende nyumbani." Akasimama pale mpaka alipoona inatosha, akageuka, akasema sasa hata treni inaweza kuja.

Yago lilizikwa kando ya kaburi la baba yake Ochieng', na nilikuwepo. Mama Ochieng' alirudi Silanga, akaendelea kuuza makaa yake. Majirani waligundua kwamba hakai tena njiani akimtazama kila mtu mrefu anayepita kana kwamba ni Ochieng'. Wafula naye alikuja likizo iliyofuata, akaenda moja kwa moja Bungoma kwa baba yake, kabla hata ya kufungua mzigo.

Mwanangu, siku hizi nakuona ukiwapokea watu. Unampokea shangazi aliyekuja kupaona kando ya barabara pale mumewe alipogongwa, rafiki aliyetoka kumzika mtoto, mgeni aliyevuka nchi akitafuta chumba alichozaliwa mama yake. Usiwapangie njia kabla ya kuwauliza wamekuja kuona nini. Wakikujibu, wapeleke huko, hata kama ndiko usikopenda kwenda. Usiuite woga wako huruma. Mwenye msiba hahitaji kusahaulishwa. Anahitaji mtu wa kumshika mkono hadi pale, asimame naye, asimharakishe. Na kama una kaburi ambalo wewe mwenyewe unalikwepa, anza na hilo.

Mungu akuepushe na wema unaowafungia wengine njia. Akupe mikono inayojua kuacha kazi mtu anapohitaji kushikwa, na siku ya msiba wako usikose mtu wa kukufikisha ngazini.

Mwaka uliofuata, Auma, binti wa Mama Ochieng', alijifungua mtoto wa kike. Wajaluo humpa mtoto jina la mtu wanayetaka asisahaulike, na bibi yake ndiye aliyelichagua. Watu wa Silanga walilishangaa, wakauliza hilo ni jina la kabila gani. Bibi akawaambia ni la mwanamke aliyeuacha wavu wake akaingia mvuani, akamwonyesha mahali mwanawe alipokuwa.

Anaitwa Maite.