Lizombe Iliyonilaza Wodini

Nilicheza ngoma ya lizombe mpaka nikakojoa chai ya rangi. Chekeni tu, hata mimi nacheka.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaoa, pale kwetu Mjimwema, na kwetu Wangoni ngoma ya harusi bila shangazi ni kelele tu. Upande wa pili ukamleta shangazi wa bibi harusi kutoka Ruhuwiko, mwanamke wa makamo kama mimi, mwenye mapaja kama vinu. Tukawekwa katikati. Atakayekaa wa kwanza, ukoo wake umeshindwa. Basi tukapiga miguu chini tangu watu watoke kanisani mpaka jua linazama, na maji sikugusa, maana kunywa ni kupumzika. Mwishowe nikakaa mimi. Aibu gani hiyo jamani!

Kesho yake, Jumapili, mapaja yalikuwa yamevimba na kukakamaa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kushuka nilishuka, kuinuka ndiyo ikawa kasheshe, nikapiga yowe mpaka binti yangu akaja kunivuta kwa kwapa. Nikajiambia, dawa yake rahisi: nisipokunywa maji sitaenda chooni. Nikajiona nina akili kweli! Nikashushia vidonge vya maumivu kwa funda moja la uji. Jumatatu nikatoa mkojo kidogo tu, mweusi, na binti akakimbilia bajaji ya kunipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana wa kumzaa. "Shikamoo mama," akasema, akatazama kikopo cha mkojo, hakutabasamu. "Misuli yako imevunjikavunjika. Takataka zake zimeingia kwenye damu, figo zinahangaika kuzichuja, na wewe umezinyima maji." Akasema nisipokojoa vizuri kwa siku mbili, nitapelekwa mbali kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapo kicheko kilinikauka. Niliogopa, tena sana.

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Nalasi, aliyeng'atwa na nyoka akiokota korosho. Mkojo wake ulikuwa kama wangu.

"Subhanallah! Mimi nyoka, wewe ngoma?" Akacheka mpaka akakohoa.

Daktari akatueleza kwamba njia ni nyingi. Mwingine huangukiwa na ukuta, mwingine hupigwa shoti ya umeme, mwingine hulewa akalalia mkono wake hadi asubuhi, na wapo ambao ni dawa tu walizomeza. Halafu akasema neno nililolishika: wengine hulia kwa maumivu, wengine hawaumwi popote, ila mkojo unakuwa mweusi.

Dripu zikamiminika. Kila asubuhi mimi na bibi tulinyanyua chupa zetu dirishani tukashindana. "Wangu juisi ya ukwaju!" "Wangu bia, mwanangu, astaghfirullah!" Jumatano wangu ulijaa chupa. Nikambusu nesi.

Alhamisi akaingia mshindi wangu, shangazi wa Ruhuwiko, amevaa kitenge cha harusi na kubeba kikapu cha ndizi, anatembea wima kabisa.

"Pole shangazi mwenzangu! Ngoma ina wenyewe."

Nilitamani kumrushia mto. "Wewe huumwi hata paja?"

"Hata ukucha!"

Nikakumbuka maneno ya daktari. "Na mkojo wako una rangi gani?"

Akatazama mlango. Kikapu akakiweka chini taratibu. "Mweusi," akanong'ona. "Tangu Jumapili. Nilinyamaza, msije mkasema na mimi nimeshindwa. Tangu jana hautoki kabisa."

Niliita nesi kwa sauti iliyofika getini. Akalazwa kitanda cha tatu, bado na kitenge chake.

Wangu ukawa maji ya limau. Wake haukuja Ijumaa, wala Jumamosi, na daktari akaanza kuandika barua ya kumpeleka kwenye mashine. Sikulala. Nilikuwa namchukia kwa wiki nzima, sasa nikawa namwombea chupa ya mkojo, mtu mzima mimi.

Jumapili alfajiri nesi akanyanyua chupa yake. Ilikuwa imefika nusu! Bibi wa Nalasi akapiga vigelegele, mimi nikaruka kitandani nikapiga miguu sakafuni, lizombe yenyewe, na dripu yangu mkononi.

"Mama, kaa chini!" daktari akafoka mlangoni.

Nikakaa.

Shangazi wa Ruhuwiko akageuza kichwa kwenye mto, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Umekaa tena," akasema.