Sungura wa Benadetha Aliyeonyeshwa Mgeni

Kwa miaka ishirini na sita Benadetha alikuwa mkaguzi wa pamba, hapo Bariadi. Alitumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akautoa, akasema safi au fifi, yaani daraja la pili, na mkulima hakuthubutu kubisha. Kisha akastaafu, mume akafariki, nyumba ikawa kimya. Ndipo akatangaza kwamba anatafuta sungura wa kukaa naye sebuleni. Mtaa ulicheka, naye akauacha ucheke.

Kwa Paschal mfugaji alikuta aina tatu. Paschal alimpigia debe New Zealand, mweupe, mwenye mapaja ya kujaza sufuria. Benadetha akaingiza mkono bandani, akapigwa teke. Chinchila wa kijivu alikimbilia pembeni akitetemeka. Lakini yule mdogo wa aina ya Dachi, mweusi mwenye mkanda mweupe begani, alimnusa vidole, akalaza kidevu kiganjani mwake. Paschal akaonya kwamba huyo hata mchuzi hatoi. Benadetha akamjibu kwamba mchuzi anao wa dagaa, akambeba.

Alimwita Karani, kwa jinsi alivyokaa wima akikagua kila aingiaye. Wiki mbili hazikuisha, Karani alishalijua beseni lake la pumba la kujisaidia pale konani, na mkeka haukuchafuka hata mara moja. Benadetha aliringa. Maringo hayo nusura yamponze.

Siku moja Masele, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alifika kutoka Nkoma bila taarifa. Furaha ikamzidi Benadetha. Akamnyanyua Karani, akamweka mbele ya mgeni amwone. Alisahau kwamba kwao, mnyama anayeletwa hai mbele ya mgeni mkubwa ndiye mboga yake. Masele akashukuru kwa heshima zote, akasema ni mdogo lakini amempokea, akauliza kisu kiko wapi.

Hapo ndipo Benadetha alipokumbuka. Kumnyang'anya mgeni mboga aliyokwisha kuonyeshwa ni kuutukana ukoo mzima. Kumchinja Karani hakuweza, hata kwa dawa. Akapiga magoti.

"Shemeji, kosa ni langu. Mbuzi yuko nyuma ya nyumba, ni wako. Lakini huyu sikukuonyesha mboga. Nimekuonyesha mtu ninayeishi naye."

Karani, asiye na habari, alisogea akajilaza juu ya kandambili ya mzee. Mzee akamtazama, kisha akamtazama mjane wa mdogo wake, na kicheko kikamtoka mpaka akafuta machozi.

Mbuzi akachinjwa. Ugali ulipotengwa, Benadetha akaleta maji ya kunawa. Masele akarudisha mikono mapajani.

"Siwezi kula. Mtu wa nyumba hii hajatengewa."

Benadetha alikwenda kabatini akitembea kama bibi harusi. Akatoa sahani ya maua, ile ya wageni, akaijaza mchicha, akaiweka mkekani upande wa kulia wa mzee. Karani akaanza kula. Masele naye akanawa.