Ufunguo wa Bi Hajira

Ujumbe wenyewe bado ninao kwenye simu. Sijaufuta, ingawa kila nikiufungua natamani kutema mate. "HABARI. HAJIRA MWISHEHE AMEKUANDIKA WEWE KUWA MDHAMINI WAKE. NI TAPELI, AMEKIMBIA NA HELA ZA WATU. MWAMBIE ALIPE LEO KABLA YA SAA KUMI AU TUTAMTANGAZA NCHI NZIMA." Ulinikuta Alhamisi asubuhi nachambua mchele. Kufika adhuhuri ulikuwa umeshaingia kwenye simu za wanachama wote wa kikoba chetu cha kuweka na kukopeshana hapa Mkuza, na ya muuza maziwa wa Sofu, na ya fundi cherehani wa karibu na msikiti. Watu wakaanza kutumiana, na kila aliyetuma aliongeza neno lake la huruma, ile huruma yenye kucheka.

Huyo Hajira wanayemwita tapeli alizaliwa Kisarawe, upande wa Maneromango, kwa wakulima wa mihogo na korosho. Aliolewa huku na Matano, fundi mwashi, ambaye alifariki akimwachia nyumba ya vyumba vitatu, watoto wawili na kazi ya kujitafutia. Akajitafutia. Alianza na sufuria mbili za kuazima, akawa mpishi wa shughuli: harusi, hitima, maulidi, hata kipaimara cha sisi Wakatoliki. Unamkabidhi gunia la mchele na mbuzi wawili alfajiri, wewe unakwenda kuoga na kuvaa. Jioni anakurudishia mpaka vitunguu vilivyobaki. Nimewaona wapishi wanaotoka na nyama ndani ya ndoo za maji wakiimba nyimbo za bibi harusi. Bi Hajira hakuwa wa hivyo, na watu walilijua hilo toka Mkuza mpaka Mbwawa.

Ndiyo maana tulimpa ufunguo. Kikoba chetu kina sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu ambao si viongozi. Akikosekana mmoja, halifunguki, hata mwenyekiti alie machozi. Mwenyekiti tunamchagua kwa sababu anajua kusema. Mimi, Marselina, mwalimu mstaafu niliyeletwa huku na kazi kutoka Biharamulo, nilichaguliwa ukatibu kwa sababu ya mwandiko. Mshika ufunguo anachaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba hakuna mtu anayeweza kusimama na kusema kitu juu yake. Bi Hajira aliushika wa kwake miaka tisa, ameufunga kwenye pindo la kanga. Nimemwona akiugusa katikati ya mazungumzo, bila kujua kama anaugusa.

Sasa niwaseme hao waliotuma ujumbe. Hawana ofisi. Hawana mlango ambao mtu mwenye hasira anaweza kuugonga. Ni programu ya simu, unaipakua, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, na wewe kwa shida zako unabonyeza ndiyo. Unaomba elfu hamsini, inakufikia thelathini na nane, baada ya siku saba wanataka sitini na tano. Redioni niliwahi kumsikia msomi mmoja akieleza kwamba dunia nzima sasa inakopeshana hivi, China, India, Kenya, kwamba ni ukombozi wa mnyonge ambaye benki haimtazami. Alikuwa na sauti nzuri sana. Huku kwetu watu wa kawaida wanaiita kausha damu, na wala hawatanii. Dhamana ya hawa jamaa siyo shamba wala friji. Dhamana yao ni aibu yako. Ukichelewa hawakufuati wewe, wanawafuata mama mkwe, padri, shehe, na mtu uliyehifadhi namba yake miaka minne iliyopita ili akuletee mkaa. Kuna vijana mahali fulani wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo ya kutukana mama za watu kwa herufi kubwa, kisha wanarudi nyumbani na kula chakula chao. Sijui kinapitaje kooni.

Jumamosi tukakutana kwa mweka hazina, saa kumi alasiri kama kawaida. Bi Hajira alikuja wa kwanza. Alikuwa amevaa vizuri kupita siku zote. Maulida, mwenyekiti wetu, mama wa vitenge, mwenye maneno laini na bangili nyingi, alifungua kikao kwa dua ndefu. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba kuna jambo limezagaa, na kwamba kikundi ni heshima.

"Bi Hajira, sisi ni ndugu," alisema. "Kama ulikopa, tuambie. Kukopa si dhambi."

"Sijakopa," Bi Hajira alijibu.

"Basi hawa wamelitoa wapi jina lako?"

Bi Hajira alitia mkono kwenye mkoba wake, akatoa simu, akaiweka mezani mbele yetu sote. Ilikuwa kitochi, kile cha vibonye, kioo kimepasuka pembeni, kimefungwa na mpira wa kubania hela.

"Simu yangu ndiyo hii," alisema. "Nionyesheni hiyo programu inakaa wapi humu."

Mtu yeyote mwenye akili angeishia hapo. Kitochi hakipakui kitu. Na tena, katika ndugu zake wote wa Maneromango, hakuna hata mmoja aliyepata ule ujumbe. Tulioupata tulikuwa sisi wa kikoba na majirani. Majina yalichotwa kwenye simu ya mtu mwingine, na mtu huyo anatujua sisi.

"Labda anayo nyingine nyumbani," mwanachama mmoja alinong'ona, na kile kinong'ono kikakubaliwa haraka, kwa sababu kilikuwa rahisi.

Nami niseme nilichokijua, maana hapa ndipo kinyaa chenyewe kinapoanza. Miaka ile ya kusajili laini kwa alama za vidole, wengi hatukuwa na namba za kitambulisho cha taifa. Bi Hajira alikuwa nayo. Aliifuatilia mara sita, akilala kwa ndugu zake Kisarawe ili awahi foleni. Tarehe ya kuzimiwa laini ilipokaribia, majirani wakamwendea, na yeye akatembea nao mpaka kwa wakala, akaweka kidole chake kwa laini ya huyu na ya yule. Wakati ule tulifanya hivyo wote, ilionekana ni sawa na kumwazima mtu chumvi. Mmoja wa waliosajiliwa kwa kidole chake alikuwa Maulida.

Na namba hiyo ya Maulida ndiyo ambayo mwanachama asiyeweza kuja kikaoni huitumia hela za hisa. Ukituma, kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mwenye laini. Kwa miaka yote ile ilituonyesha HAJIRA MWISHEHE. Mwanzoni tulipiga simu kuuliza. "Tuma tu, shoga, Hajira ndiye alinisajilia," Maulida alikuwa anasema, tukicheka. Namba za vitambulisho vyetu zote zimo kwenye daftari la kikundi, na daftari linakaa kwake siku za katikati ya wiki. Basi fikiria mwenyewe kama ni vigumu kuelewa nani alikopa kwa jina la nani.

Nilielewa palepale, kitochi kilipogusa meza. Nilimtazama Maulida, naye alikuwa amenitazama tayari. Mbele yake, juu ya daftari, kulikuwa na karatasi ya ombi langu la mkopo wa bati, laki tisa, ikisubiri saini yake. Nyumba yangu ilikuwa imesimama kwenye linta, bila paa, mwaka mzima. Aliichukua kalamu, akatia saini taratibu, akaisogeza karatasi upande wangu. Nami nikaikunja, nikaitia ndani ya daftari.

Kura ilipigwa kwa mikono. Ishirini na mbili walisema ufunguo ubadilishwe "kwa muda, mpaka jambo litulie". Mkono wangu ulikuwemo. Bi Hajira alijaribu kufungua lile fundo la kanga, likamshinda. Ikabidi alikate kwa meno. Aliuweka ufunguo mezani, akachukua kitochi chake, akaaga. Nikaandika kwenye daftari kwamba amekabidhi kwa hiari.

Wiki mbili zilizofuata alipoteza shughuli tatu. Harusi ya Mbwawa, ambayo alikuwa ameshapokea nusu ya malipo, walikuja kuichukua nusu yao na kumwambia wamepata mpishi wa ukoo. Kwenye hitima moja hapahapa Mkuza walimwacha apike, lakini waliweka mtu wa kukaa kwenye kiti kando ya sufuria. Bi Hajira alipika. Baadaye alimwambia jirani kwamba siku ile alishindwa hata kuonja chumvi, kwa kuogopa kuonekana anaweka kitu mdomoni.

Kisha ikaja habari kwamba Benki Kuu imezitaja programu kadhaa za mikopo zisizo na leseni na kutaka zifungiwe, na ile yetu ilikuwemo. Watu walishangilia! Waliokuwa wakisambaza ule ujumbe ndio waliopiga kelele zaidi kwamba wezi wamekomeshwa. Bi Hajira aliniletea gazeti lililofungiwa maandazi, akanionyesha habari ile kwa kidole.

"Mwalimu, si sasa watajua kwamba wale ni waongo?"

"Watajua," nilisema.

Nilijua sivyo. Gazeti lilisema mkopeshaji hana leseni. Halikusema Hajira hakukopa. Sheria iliweza kumfunga mdomo aliyemtukana, lakini tusi lilikuwa limeshapata kwao, limekaa kwenye simu zetu. Alirudi na gazeti lake akiwa na furaha, nami nikafunga mlango.

Mwisho wa mwezi afisa maendeleo ya jamii akaja kutuandaa kwa usajili, maana vikundi kama chetu navyo sheria imeviwekea utaratibu wake. Alikuwa msichana mchangamfu, Juliana, aliyetuamkia wote "shikamooni" kabla hajakaa. Alisema kila mwanachama lazima laini yake iwe kwa jina lake, na akatufundisha menyu ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tukabonyeza. Bi Hajira, ambaye alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, alimpelekea kitochi chake.

"Nisomee, mwanangu, herufi zake ndogo."

Juliana alisoma kwa sauti, bila kujua alichoshika. Laini tano. Ya kwanza ya Bi Hajira mwenyewe. Tatu zilizofuata, waliosajiliwa waliinua mikono wakicheka. Alipoanza ya tano, alipofika katikati, kicheko kilikatika, kwa sababu namba ile tunaijua kwa kichwa sote, tunaitumia hela kila Jumamosi.

"Hii ya nani?" Juliana aliuliza. Akanigeukia. "Katibu, unaifahamu?"

Maulida alinitazama tena. Nikiwa mkweli, sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu mtoto yule wa serikali alikuwa ameshika kalamu, na ningeonekana mjinga.

"Ya mwenyekiti," nilisema.

"Nilitaka kuzungusha hela wiki moja tu!" Maulida alilia kabla mtu hajamuuliza lolote, bangili zikigongana. "Vitenge vilikwama! Na nusu nilishalipa, wallahi, nusu nilishalipa!"

Wale ishirini na mbili wakamgeukia kwa ukali wa ajabu, utadhani hawajawahi kuiona ile namba maishani mwao. Wakamvua uenyekiti palepale. Ufunguo ukarudishwa kwa makofi na vigelegele, na mwanachama yule wa kinong'ono ndiye aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote.

Bi Hajira aliupokea, hakucheka. Alikuja mpaka kwenye meza yangu.

"Mwalimu, wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyoweka simu mezani."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu wiki.

"Maulida alikuwa na shida ya hela," alisema. "Wewe ulikuwa na shida gani?"

Hakusubiri jibu, akarudi kukaa nyuma karibu na mlango. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya mkopo. Washika ufunguo waliitwa mbele, Bi Hajira akafungua kufuli lake bila kuniangalia, nami nikanyoosha mikono yote miwili nikapokea laki tisa za bati.